Kocha Hagusi Mpira

Kuna gemu za mpira za aina mbili. Ya kwanza mnaijua wote, hata ninyi wenzetu wa mashirika mnaopita na gari mkisikia kelele kibandani: unashika pedi, unamkimbiza mchezaji kwa kidole gumba, unapiga shuti, jirani anapiga yowe. Ya pili ni ya kimya. Humgusi mchezaji hata mmoja. Unachagua nani aanze, nani akae benchi, mabeki wawe wangapi, winga apande au arudi kusaidia, halafu unatulia kuwatazama watu wengine wakifanya, au wakiharibu, kile ulichowaagiza.

Nataka kuandika historia ya hiyo aina ya pili na ya mawazo yaliyoizaa. Sababu yangu ni ya kikazi. Vijana ninaokaa nao kituoni hunibishia kila wiki kwamba mbinu ni maneno ya makocha, mpira ni kipaji basi. Wazee wao nao wanasema gemu ni kupoteza muda. (Wanayasema hayo wakiwa wameinama kwenye bao tangu saa nne asubuhi, kete sitini na nne, kila mmoja anahesabu mashimo ya mwenzake kimya kimya kama jenerali. Shikamooni wazee, nawaheshimu, ila hilo mlifikirie.)

Tuanze uwanjani, kwa sababu gemu iliiga uwanja kwanza.

Mpira wa Waingereza wa zamani ulichezwa na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Watano mbele! Lakini sheria ya kuotea ya wakati huo ilikuwa ngumu: mpira unapopigwa mbele kwako, lazima kuwe na wapinzani watatu kati yako na goli, la sivyo umeotea. Mabeki wajanja wakaona mwanya. Beki mmoja anapanda mbele kutega, mwenzake anabaki nyuma kama akiba, na mchezo wote unabanwa katikati ya uwanja. Filimbi, filimbi, filimbi. Watu wakaanza kuchoka. Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa, watatu wakawa wawili. Msimu wa mwisho wa sheria ya zamani, Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza ilikuwa na magoli 1,192. Msimu uliofuata yakawa 1,703.

Hapa ndipo huwa nawasimamisha vijana wangu. Jamani, je, ndani ya likizo moja washambuliaji wa Uingereza walizaliwa upya? Miguu ilikuwa ileile, viatu vilevile vizito. Kilichobadilika ni nafasi ya mtu mmoja kwenye sheria, na magoli zaidi ya mia tano yakatokea.

Kisha akaja mtu wa kujibu. Herbert Chapman alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuifundisha Arsenal, na Oktoba 1925 timu yake ikapigwa 7-0 na Newcastle. Mchezaji wake Charlie Buchan alikuwa na wazo: yule namba tano, senta hafu, aliyekuwa akizurura katikati kama mwenye shamba, arudi nyuma akae kati ya mabeki wawili. Chapman akakubali. Kisha mshambuliaji mmoja akarudi kuziba pengo la katikati, baadaye wakawa wawili, na ukichora timu kwenye karatasi unaona herufi mbili, W juu na M chini. Arsenal wakachukua ubingwa mwaka 1931 na tena 1933. Kwa miaka ishirini na zaidi karibu Uingereza nzima ikacheza hivyo, kiasi kwamba jezi namba 5 ilimaanisha kazi moja na jezi namba 9 kazi moja, na namba 5 kazi yake ni kumkaba namba 9. Ndiyo maana hata sisi huku tulirithi kusema «yule ni namba tano mzuri» bila kujua tunamzungumzia Chapman.

Mazoea hayo ndiyo yaliyowamaliza. Tarehe 25 Novemba 1953, Hungary walikwenda Wembley. Nándor Hidegkuti alivaa jezi namba 9, lakini hakukaa mbele. Alirudi nyuma hadi katikati. Beki wa Uingereza, Harry Johnston, akabaki na swali ambalo hakuna aliyemfundisha jibu lake: nimfuate, niache shimo nyuma yangu? Au nibaki, yeye apokee mpira peke yake na kugeuka? Hidegkuti alifunga matatu. Mchezo uliisha 6-3. Mei mwaka uliofuata, kule Budapest, ikawa 7-1. Waingereza hawakukosa wachezaji. Stanley Matthews alikuwemo siku ile Wembley. Walikosa jibu la swali la hatua kumi.

Sasa nataka kukaa kidogo kwa ndugu zetu wenyewe, kwa sababu kila ninapotaja mbinu, lazima mtu aseme: «Na Zaïre 1974 je?»

Ndiyo, tuseme. Machi 1974 Leopards wa Zaïre walitwaa Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa katika mashindano hayo mamoja, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia. Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, si aibu. Ya pili, Yugoslavia, 9-0. Ya tatu, Brazil, 3-0. Katika mechi hiyo ya tatu Wabrazil walikuwa wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, mara beki Mwepu Ilunga akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali. Dunia ikacheka. Mpaka leo watu hurudia picha ile na kusema: tazama, hawakujua hata sheria.

Mabingwa wa Afrika wasijue sheria ya mpira wa adhabu? Mtu anayeamini hilo hajafikiri. Mwepu mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba alijua vizuri alichokuwa anafanya. Kabla ya mechi na Yugoslavia wachezaji walipata habari kwamba pesa zao hazifiki, wakataka kugoma. Baada ya zile tisa, kama alivyosimulia, walinzi wa Mobutu waliwafungia milango na kuwaambia wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu wasitegemee kurudi nyumbani. Sasa hesabu wewe: uko ukutani, goli lako liko nyuma, na si goli tu liko nyuma. Kocha wao, Blagoje Vidinić, aliyekuwa amewapeleka Morocco Kombe la Dunia la 1970, hakuwa mjinga wa mbinu. Lakini mchoro wa ubaoni unachora miguu. Hauchori mtu ambaye hajui kama atalipwa wala kama atafika kwake. Wanaofanya kazi na timu za kambini wanajua ninachosema. Nimeona timu nzuri ikivunjika katikati ya wiki kwa sababu tu kuna tetesi za usaili au za kurudishwa.

Na Ndaye? Mwaka 1994 majambazi walimpiga risasi mguuni kwao, wakidhani mtu maarufu lazima ana pesa. Akaishia Afrika Kusini. Mwaka 1998 kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, naye alikuwa mzima, anaishi Cape Town, mkimbizi kama wewe na mimi. Alifariki kweli Januari 2019.

Kwa hiyo kuna mwisho wa mbinu, sikatai. Lakini wanaosema haina kazi kabisa nawapeleka Milan. Arrigo Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa akiuza viatu vya kiwanda cha baba yake. Waandishi walipomdharau, jibu lake lilikuwa kwamba mpanda farasi si lazima awe amewahi kuwa farasi. Nyota wake walipobisha kuhusu mazoezi yake, aliwatolea mtihani. Upande mmoja watu watano, kipa Galli na mabeki Tassotti, Maldini, Costacurta na Baresi. Upande wa pili kumi, pamoja na Gullit na van Basten. Kumi wana dakika kumi na tano za kufunga. Sharti moja tu: wakipoteza mpira, wanaanza tena kutoka nyuma. Sacchi anasema hawakufunga hata mara moja. Milan ile ilichukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990.

Tumeujaribu mtihani huo hapa, kwenye uwanja wetu wa vumbi wenye mteremko upande wa chini. Sitawadanganya: kumi walifunga. Lakini iliwachukua dakika kumi na moja, na wale watano wa nyuma, ambao wawili kati yao ni wasichana wa timu ya wadogo, walitoka wakitembea tofauti na walivyoingia.

Sasa gemu.

Wazo la kuongoza bila kugusa halikutoka kwenye mpira, lilitoka vitani. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, alichapisha sheria za mchezo ulioitwa Kriegsspiel, kuendeleza kazi ya baba yake. Kulikuwa na ramani, vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, dadu, na refa. Kilichonivutia si dadu. Ni kwamba mchezaji haoni kila kitu. Anaona kile ambacho askari wake wangekiona. Na hasogezi vikosi kwa mkono wake. Anaandika amri, anampa refa, na refa anakadiria muda ambao mjumbe atatumia kufika. Unaweza kuandika amri safi kabisa ikafika wakati kilima kimeshachukuliwa. Prussia ilipoishinda Ufaransa mwaka 1870 na 1871, majeshi mengine yakaanza kuiga mchezo huo.

Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa gemu aliyoiita Football Manager. Ilikuwa kwenye kaseti, ileile ya muziki, kwa kompyuta zenye nguvu ndogo kuliko simu ya tochi. Mwanzoni alitaka kuifanya mchezo wa ubao, lakini hesabu zilikuwa nyingi mno kwa watu kuzifanya kwa mkono. Unaanza Daraja la Nne. Mbinu zake zilikuwa chache: unanunua, unauza, unapima ulinzi wako, kiungo na ushambuliaji dhidi ya mpinzani. Ila tayari ndani yake kulikuwa na namba inayoitwa morali, inapanda ukishinda na kushuka ukifungwa. Miaka minane baada ya Zaïre kwenda Ujerumani, programu ya kaseti ilikuwa imeshaweka kwenye hesabu kitu ambacho wakubwa wa Zaïre hawakukiweka.

Ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walikuwa vijana wa Uingereza waliopenda gemu za namna hiyo na kuziona hazitoshi. Wakatengeneza yao, Championship Manager, ikatoka 1992. Ilikuwa ni maandishi matupu. Huoni mpira. Unasoma sentensi moja ya utangazaji, inabadilika, unasoma nyingine, moyo unadunda. Wenzangu wa kambi hii wasishangae; sisi tuliokua tukisikiliza mechi kwenye redio ya betri dhaifu tunajua jinsi sentensi moja inavyojenga uwanja mzima. Picha ya juu ya uwanja, wachezaji wakiwa vidoti, ilikuja 2003 tu. Baadaye ndugu hao waliachana na kampuni iliyokuwa ikiwauzia gemu. Jina la Championship Manager likabaki kwa kampuni, wao wakabaki na programu na orodha ya wachezaji, wakachukua jina lile la Toms. Tangu mwisho wa 2004 gemu yao ndiyo Football Manager.

Orodha ya wachezaji ndiyo mali yenyewe. Kila mchezaji anapewa namba, 1 hadi 20: kasi, pasi, ujasiri, utulivu. Namba hizo huletwa na watu waliotawanyika nchi nyingi, wanaotazama mechi na kuandika. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 2008 klabu ya Everton ilikubaliana na watengenezaji itumie orodha hiyo kutafutia wachezaji wa kweli. Hapo uwanja ukaanza kuiga gemu.

Lakini orodha inaweza kumwonea mtu hata kwa kumsifu. Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa 1983, akakulia Sweden, akaenda Derby County ya Uingereza akiwa kijana mdogo. Katika Championship Manager ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa hatari. Ukimnunua umemaliza kazi. Watu wa nchi mbalimbali walichukua makombe na kijana wa Kinshasa katikati ya uwanja. Katika maisha ya kweli hakuichezea timu ya kwanza ya Derby hata mechi moja. Watu wazima bado wanamtaja kwa mapenzi, na wanachokipenda ni safu ya namba.

Na wengine hawamo kabisa. Ligi ya Afrika Kusini unaweza kuifundisha. Ligi ya Kongo, ya Burundi au ya Tanzania huikuti pale unapowasha gemu na kuambiwa chagua timu. TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2010 iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufanya hivyo, Kidiaba akirukaruka kwa makalio baada ya magoli. Kidiaba huyo huyo ungeweza kumsajili, ila si kwa kuketi Lubumbashi.

Nisiseme mpira tu, maana gemu za mkakati nyingine ni za vita, na huko ndiko wafanyakazi wa mashirika huniuliza maswali. Civilization ya Sid Meier ilitoka 1991: unajenga miji, unapokezana zamu na mpinzani, una muda wa kufikiri hadi kesho ukitaka. Age of Empires ya 1997 haikungoji, saa inakwenda huku wanakijiji wako wakikata miti. Mkakati ni ule wa mbali, mbinu ni ile ya sasa hivi, na gemu ya pili inakulazimisha uvifanye vyote kwa mkono mmoja. Simwelewi anayetaka zipigwe marufuku kituoni kwa kuwa tulikimbia vita. Vijana si mayai. Lakini kijana mmoja wa miaka kumi na mitano alitazama simu ya mwenzake, mji ukitekwa, akauliza: «Hawa watu wa huu mji sasa wanaenda wapi?» Katika ile Civilization ya kwanza, mji ukitekwa idadi ya watu hupungua moja. Hiyo moja haionekani barabarani ikiwa na godoro kichwani. Inafutika. Najua gemu moja iliyogeuza macho, This War of Mine ya Wapolandi, ya 2014, ambayo humwongozi askari bali raia waliobanwa mjini. Si nyepesi, sijawahi kuiweka kituoni.

Tunachokifanya kituoni ni cha karatasi. Kompyuta tulizonazo haziwezi gemu mpya, na sola jioni inagombaniwa na simu. Kwa hiyo tumechukua daftari la hesabu, tumechora safu, na kila mchezaji wa timu nne za hapa ana namba zake 1 hadi 20. Makocha ni vijana wenyewe. Wanaandika kikosi na maagizo, wanayafunga kwenye bahasha, na refa, ambaye ni mimi au mwenzangu, anacheza mechi kwa dadu mbili mbele ya wote. Amri ya kubadilisha mchezaji inapokelewa baada ya kurusha dadu mara mbili zaidi, hiyo nimewaibia Waprussia. Timu dhaifu iliyojaza kiungo imeshaifunga timu yenye namba kubwa mara tatu, na aliyefungwa alidai dadu limelogwa.

Ugomvi haukutoka kwenye dadu ulipotoka kweli. Ulitoka kwenye namba. Msichana mmoja, beki wa kulia, alikuta ameandikiwa 9 kwenye ujasiri. Akasimama. Akauliza ni nani aliyeandika, amemwona mechi ngapi, na kwa nini hakuulizwa. Akasema huku namba tunazo za kutosha: namba ya kaya, namba ya foleni, namba ya kadi ya chakula, na hakuna hata moja aliyojichagulia. Chumba kilikaa kimya. Aliyeandika alikuwa kaka mmoja wa timu pinzani aliyemwona mara moja tu, tena siku ya mvua.

Tulikubaliana hivi. Namba ya kasi au ya pasi itapimwa uwanjani, kwa hatua na kwa saa ya simu, mbele ya mwenyewe. Namba ya ujasiri itaandikwa na watu watatu waliocheza naye, si waliocheza dhidi yake, na mwenyewe ana haki ya kuikataa mara moja kwa msimu. Yule dada alikataa ileile 9. Watatu wakakaa tena nje ya mlango dakika ishirini, tukisikia wakibishana kwa Kibembe na Kirundi na Kiswahili, wakarudi na 14. Ameikubali, ila amesema msimu ujao ataka kuwa mmoja wa wanaoandika. Bahasha za Alhamisi ziko tayari. Timu yake inacheza na mabeki watano.